Maji Yaliyotafuta Mwili

Mwaka 1822 jijini Paris yalitokea mambo mawili ambayo wakati ule hakuna aliyeyahusisha. Mwezi Machi, mhandisi Claude-Louis Navier aliwasilisha mbele ya Akademia ya Sayansi ya Ufaransa milinganyo ya mwendo wa vimiminika, akiingiza ndani yake ule msuguano wa ndani unaoyafanya mafuta yatiririke taratibu kuliko maji. Wiki chache baadaye, katika maonyesho ya Salon, Eugène Delacroix, ambaye hata miaka 25 alikuwa hajaitimiza, alitundika mchoro wake wa Mashua ya Dante. Humo miili ya waliolaaniwa inajinyonganyonga majini, na juu ya ngozi zao kuna matone. Tone moja pamoja na kivuli chake limejengwa kwa rangi nne ambazo hazikuchanganywa: nyeupe panapong'aa, manjano na kijani kwenye urefu wake, nyekundu kivulini. Miaka mingi baadaye Delacroix alimwambia msaidizi wake Pierre Andrieu kwamba wazo hilo alilipata kwa kutazama matone yaliyo kwenye miili ya nguva wa mchoraji Rubens, na kwamba hapo ndipo safari yake ya rangi ilipoanzia. Navier alitaka kujua maji yanakwendaje. Delacroix alitaka kujua jicho linaona nini maji yakishafika kwenye ngozi. Wasanii na wahandisi waliokuja kuunda wahusika wa kidijitali walirithi maswali yote mawili. Kwa muda mrefu walishughulika na la kwanza, na makala haya yanadai kwamba maji yao yalianza kuaminika pale tu walipolipa la pili uzito wake.

Swali la Navier lilitangulia kwa sababu inayoeleweka: lilikuwa tayari limeandikwa kwa lugha ya hesabu. George Gabriel Stokes aliikamilisha milinganyo hiyo mwaka 1845, lakini kwa kalamu na karatasi haikutatulika ila kwa hali chache nyepesi. Ilibidi isubiri kompyuta, na kompyuta za kwanza zenye uwezo huo hazikuwa mikononi mwa wasanii. Mwaka 1965, Francis Harlow na J. Eddie Welch wa maabara ya Los Alamos huko Marekani, mahali palipojulikana kwa utafiti wa silaha za nyuklia, walichapisha mbinu ya kugawa nafasi katika vyumba vidogovidogo, kukokotoa kasi na shinikizo la kimiminika katika kila chumba, na kutawanya chembe za alama ili kuonyesha uso wa maji uko wapi. Miaka 31 ilipita kabla Nick Foster na Dimitri Metaxas hawajaichukua mbinu hiyo na kuileta kwenye picha za kompyuta, mwaka 1996. Miaka miwili baadaye hesabu za namna hiyo zilifurika kwenye mashimo ya sisimizi katika filamu ya Antz. Mwaka 1999 Jos Stam alitatua kero iliyowasumbua wote: hesabu za awali zililipuka na kutoa namba za ajabu kila mtu alipojaribu kuruka hatua kubwa za muda. Mbinu ya Stam hailipuki, ingawa gharama yake ni kwamba vizingia vya maji hufifia upesi kuliko inavyotakiwa. Kando ya njia hiyo palikuwa na nyingine, ya bahari. Kampuni ya Areté, ambako Jerry Tessendorf alifanya kazi, ilijenga uso wa bahari kwa kujumlisha maelfu ya mawimbi madogo yaliyopangwa kitakwimu kama wapimaji wa bahari wanavyoyakuta, na programu yake ndiyo iliyotandaza bahari chini ya meli katika filamu ya Titanic ya mwaka 1997.

Ukizitazama kazi za miaka hiyo utaona kwamba maji yamepewa nafasi ya mandhari, au yamefanywa mhusika mwenyewe, ila ni nadra kuyaona yakimpata mhusika. Mfano ulio wazi kuliko yote ni The Abyss, filamu ya James Cameron ya mwaka 1989. Ndani yake mkono mrefu wa maji ya bahari unapenya kwenye kituo kilicho chini ya bahari, unajinyoosha hewani, kisha unaiga nyuso za wanaoutazama. Kampuni ya Industrial Light & Magic ilitumia miezi sita kupata sekunde 75 za mkono huo. Waliandika programu ya kuutembezea viwimbi vya ukubwa tofauti, wakahesabu nuru inavyoakisiwa juu yake na inavyopindwa inapopita ndani yake, na wakaskani sura za Ed Harris na Mary Elizabeth Mastrantonio katika mikao kadhaa ili maji yaweze kutabasamu na kukunja uso. Kazi hiyo inastahili sifa zote ilizopata. Lakini kilichofanyika hapo ni maji kuazima uso wa mtu. Nywele na nguo za kidijitali zilizolowa hazikuwepo. Hata Finding Nemo ya mwaka 2003, ambayo watengenezaji wake wa Pixar walijipima kwa kuiga picha halisi za chini ya bahari hadi zikawa vigumu kutofautishwa, ilikuwa na nafuu ambayo husahaulika: samaki aliye ndani ya maji haonekani kulowa. Kazi kubwa ilikuwa ya nuru, ukungu wa maji na vumbi linaloelea. Mpaka kati ya mwili mkavu na mwili uliolowa, ambapo jicho la mtazamaji ni kali mno, haukuwa sehemu ya mtihani.

Kwa nini mguso ulichelewa hivyo? Jibu moja limo ndani ya hesabu zenyewe. Katika uigaji wa kawaida wa maji, mwili wa mhusika huingizwa kama ukuta. Maji hufika, huzuiwa, huruka, huzunguka. Mwili wenyewe haubadiliki. Programu inaweza kumwaga pipa zima kichwani mwa mhusika, na maji yakishapita, nywele zikabaki kavu kama zilivyochanwa asubuhi. Jibu la pili ni la mgawanyo wa kazi, na mizizi yake ni ya zamani kuliko kompyuta. Tangu miaka ya 1930, studio ya Disney ilikuwa na idara ya madoido iliyochora moto, moshi, mvua na mawimbi, kando na wachoraji wa wahusika. Bahari ya Pinocchio ya mwaka 1940, ambayo hadi leo hutajwa kwa uzuri wake, ilitoka kwenye mikono tofauti na ile iliyomchora Pinocchio mwenyewe. Studio za kidijitali ziliurithi mpango huo na kuugawa zaidi: huyu wa nywele, yule wa nguo, yule wa maji, yule wa taa. Kulowa ni jambo linalopita kwenye meza zote hizo kwa mpigo, na kazi inayopita kwenye meza zote kwa kawaida hukosa mwenyewe. Maji yaliboreshwa na wataalamu wa maji, nywele zikaboreshwa na wataalamu wa nywele, na pale vinapokutana pakabaki pamelegea.

Ili kuona ni nini hasa kilichokuwa kikikosekana, inafaa kusogea karibu. Chukua fulana ya pamba ya buluu. Ikiwa kavu, nuru hukutana na nyuzi zilizozungukwa na hewa. Hewa ina kipimo cha kupinda nuru cha takriban 1, pamba takriban 1.5, na kwa sababu tofauti hiyo ni kubwa, nuru hutawanyika ovyo na sehemu yake nzuri hurudi upesi machoni. Maji yenye kipimo cha 1.33 yakijaa kati ya nyuzi, tofauti hupungua. Nuru haisukumwi tena nyuma kwa haraka. Huendelea mbele, huzama ndani zaidi, na kila inapopita, rangi ya kitambaa huila kidogo. Anders Ångström wa Sweden alikuwa ameshaeleza mwaka 1925 sababu nyingine inayoongeza giza hilo: utando wa maji ulio juu huirudisha ndani sehemu ya nuru iliyokuwa ikitoka, ikaliwa tena. John Lekner na Michael Dorf waliuendeleza uchambuzi huo mwaka 1988. Matokeo ni buluu nzito zaidi na iliyokolea zaidi, ambayo haipatikani kwa kuongeza nyeusi tu. Juu ya hapo kuna mng'aro. Utando wa maji ukitazamwa wima huakisi takriban asilimia 2 tu ya nuru. Ukitazamwa kwa ubavu kabisa, karibu nuru yote huruka. Kwa hiyo ngozi iliyolowa hung'aa zaidi kwenye kingo za mabega na mashavu, na mng'aro wake ni mwembamba na mkali kwa sababu maji yamesawazisha vinyweleo na mikunjo midogo. Nywele nazo hukusanyika vishungi vishungi, kwa sababu uso wa maji hujikaza na kuzivuta zikaribiane, kisha uzito huzilaza zifuate umbo la fuvu.

Tone moja nalo lina siri yake, na hapo ndipo wanaoanza uchoraji wa kidijitali hunaswa mara nyingi. Mtu hupaka mwanga upande wa taa na giza upande wa pili, kama anavyopaka mpira, na anachopata ni kipele. Tone ni lenzi. Upande unaoelekea taa lina doa dogo jeupe, kali, na kando ya doa hilo ndani ya tone kuna giza. Mwanga mpana na laini uko upande ulio mbali na taa, kwa sababu nuru imepenya, imepindwa na kukusanywa huko. Kivuli kinachoanguka nje ya tone nacho kina kiini cha mwanga katikati. Wachoraji wa maua wa Uholanzi wa karne ya 17 waliufahamu mpangilio huo na kuupaka kwenye majani yenye umande bila kujua mlinganyo wowote. Rubens aliufanyia kazi kwenye ngozi za nguva kati ya mwaka 1622 na 1625, Delacroix akauchambua kwa rangi. Elimu ilikuwepo, imetundikwa ukutani katika jumba la makumbusho la Louvre. Iliyokosekana ni njia ya kuiingiza kwenye mashine.

Njia hiyo ilianza kuonekana mwaka 1999, mwaka uleule wa mbinu ya Stam. Henrik Wann Jensen, Justin Legakis na Julie Dorsey walichapisha namna ya kupaka nuru kwenye vitu vilivyolowa: maji juu ya uso yakahesabiwa kama utando, maji yaliyo ndani kama mabadiliko ya jinsi kitu kinavyotawanya nuru. Mwaka huohuo Armin Bruderlin wa Sony Pictures Imageworks alieleza jinsi ya kuyafanya manyoya ya mnyama wa kidijitali yaonekane yamelowa, kazi iliyotokana na filamu ya Stuart Little, ambamo panya mdogo anajikuta amefungiwa ndani ya mashine ya kufulia. Mbinu yake haikuhitaji kukokotoa tone hata moja la maji. Ilichagua unyoya mmoja wa kati katika kila eneo, ikayavuta manyoya ya jirani yauelekee kwenye ncha, na kuacha ngozi ionekane kati ya kishungi na kishungi. Mtazamaji akiona vishungi hivyo, maji huyajaza mwenyewe kichwani. Kutoka hapo mstari unafuatika. The Incredibles ya mwaka 2004 iliwatumbukiza wahusika wa sura za binadamu baharini, nywele zao zikaelea, zikalowa, zikaganda. Life of Pi ya mwaka 2012 ilimweka simbamarara wa kidijitali mashuani katikati ya bahari, na sehemu kubwa ya imani yetu kwa mnyama yule inatokana na jinsi manyoya yake yanavyobadilika akilowa na akianza kukauka. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar ya madoido ya picha.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni kwamba kilichobadilika ni nguvu ya mashine tu. Kompyuta za mwaka 1989 zilikuwa dhaifu, za leo zina uwezo, na kila kitu kimekuwa bora kwa pamoja, maji, nywele na kulowa. Pingamizi hilo lina ukweli wake, maana manyoya mamilioni hayachorwi bila kumbukumbu kubwa. Lakini linashindwa kueleza mchezo wa video wa Uncharted: Drake's Fortune, uliotoka mwaka 2007. Mashine ya mchezo ya wakati huo haikuwa na uwezo wa kuiga maji halisi ya pande tatu huku mchezaji akisubiri kwa sehemu ya sekunde. Kampuni ya Naughty Dog ilifanya jambo dogo: mhusika mkuu, Nathan Drake, akiingia mtoni hadi magotini, suruali yake inatoka imekoza hadi magotini, akiingia hadi kiunoni, imekoza hadi kiunoni. Mto wenyewe haukuwa maajabu. Mstari ule wa giza kwenye kitambaa ulitosha kumfanya mchezaji akubali kwamba mtu yule alikuwa majini. Kama nguvu ya mashine ndiyo ingekuwa sababu kuu, mbinu nyepesi namna hiyo isingefua dafu mbele ya mawimbi yaliyokokotolewa kwa miezi. Ångström naye alifikia maelezo yake bila kompyuta yoyote. Kilichohitajika kwanza ni mtu wa kuuliza swali lenyewe.

Pingamizi la pili linatoka kwa wapenzi wa bahari kuu. Watasema kwamba filamu ya The Perfect Storm ya mwaka 2000 iliwatisha watu kwa wimbi, na Avatar: The Way of Water ya mwaka 2022 ni ushindi mtupu wa milinganyo: kati ya shoti 3,240 hivi za kampuni ya Wētā FX, 2,225 zilihusisha maji. Ni kweli kwamba wimbi likiwa mbali linaweza kusimama peke yake. Umbali huficha mguso. Lakini hata katika The Perfect Storm, ukubwa wa wimbi tunaupimia mashua, na mashua nayo ni mwili unaopigwa, unaotoa povu na kuchuruzika. Avatar kwa upande wake inaunga mkono hoja hii kuliko inavyoipinga. Cameron aliwaingiza waigizaji kwenye tangi la maji ya takriban lita milioni 3.4, akaufunika uso wake kwa vipira vyeupe ili nuru ya juu isivuruge kamera za kunasa mwendo, kwa sababu alijua kwamba mwili unaojifanya kuogelea hewani hauna uzito sahihi. Kisha wahandisi wa Wētā walitenga hesabu ya peke yake kwa ajili ya utando mwembamba wa maji juu ya ngozi, unaonata, unaokatika na kutiririka kwenye mikunjo ya uso mhusika anapoibuka. Filamu iliyofanywa na mtu yuleyule wa The Abyss, miaka 33 baadaye, ilielekeza sehemu ya juhudi zake kwenye unene wa maji usiofika hata milimita. Nafasi ya swali la pili, lile la Delacroix, haiwezi kupata ushahidi ulio wazi zaidi.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi, nalo linagusa neno uhalisia lenyewe. Mbona tuupime ufundi kwa kufanana na kamera? Mchoraji wa Japani Hokusai alichora wimbi lake kuu mnamo mwaka 1831 kwa makucha ya povu ambayo hakuna bahari iliyowahi kuyatoa. Mwongozaji Miyazaki, katika filamu yake ya katuni Ponyo ya mwaka 2008, aliyafanya mawimbi kuwa samaki wakubwa wanaokimbia, kwa penseli. Hakuna anayelalamika. Pingamizi hili linafanya kosa moja, la kuuchukulia uhalisia kama wingi wa vitu vilivyonakiliwa. Mchonga sanamu wa Athens aliyemchonga Nike, mungu wa kike wa ushindi, akigusa kiatu chake, mwishoni mwa karne ya tano kabla ya Kristo, alikuwa na marumaru tupu isiyo na rangi ya maji wala mng'aro wa maji. Alichagua tendo moja tu la maji, kukinatisha kitambaa mwilini na kukifanya kifuate nyonga na goti, akalichonga hilo. Nguo ile inaonekana imelowa. Msanii wa mtindo wowote, awe wa katuni au wa picha zinazofanana na za kamera, anachagua vivyo hivyo: ni tendo gani la maji juu ya mwili nitalibakiza, na lipi nitalitupa? Anayechora kwa mistari miwili anaweza kuchagua vizuri kuliko anayekokotoa chembe bilioni. Tofauti ya mitindo basi haivunji hoja, inaipanua.

Historia hii ina matokeo ya moja kwa moja kwa anayejifunza kazi sasa. Programu ya Blender, ambayo ni huru tangu mwaka 2002, inamruhusu kijana wa Mwanza, Mombasa au Bujumbura mwenye kompyuta ya kawaida kuiga maji bila kulipa senti. Kishawishi ni kuanza na bomba, wimbi na ndoo inayomwagika, kwa kuwa vitufe vyake viko mbele na matokeo yake yanavutia. Ushahidi wa miongo mitatu unashauri mpangilio wa kinyume: rangi ya kitambaa ikolezwe, ung'avu wa ngozi ukazwe, nywele zikusanywe, mstari wa maji uwekwe mahali pake, ndipo wimbi lifuate kama bado linahitajika. Hayo ya mwanzo hayahitaji mashine ya gharama. Kwa mitambo inayotunga picha kwa amri ya maneno, kipimo ni kilekile. Inatoa bahari za kupendeza kwa sekunde chache, kwa kuwa imeshibishwa picha za bahari, lakini mara nyingi hujikwaa kwenye kola iliyobaki kavu chini ya nywele zinazochuruzika, au kwenye tone linalong'aa upande usio wake. Makosa hayo yamo palepale walipokwama wahandisi wa miaka ya 1990, na anayetaka kuyarekebisha, kwa brashi au kwa programu, itambidi ajue maji yanaufanya nini mwili kabla ya kujua yanakwenda wapi.